Steven Kanumba

Steven Charles Kanumba (8 Januari 1984 – 7 Aprili 2012) alikuwa mwigizaji, mwongozaji na mtayarishaji wa filamu kutoka Tanzania. Alianza kujulikana kupitia michezo ya kuigiza ya televisheni akiwa na kundi la Kaole Sanaa Group la Dar es Salaam. Baadaye aliingia katika filamu za video, ambazo kwa pamoja huitwa Bongo Movie. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa akitunga, akiongoza na kutayarisha filamu zake mwenyewe kwa jina la Kanumba The Great Film. Alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 28.

Kanumba ni mfano wa kizazi cha waigizaji wa Tanzania waliojifunza kazi mbele ya kamera za televisheni, kisha wakahamia nyuma ya kamera ili waamue wenyewe hadithi gani isimuliwe na kwa namna gani. Maisha yake ya kazi yanaonyesha pia mipaka ya hatua hiyo: mwigizaji aliweza kuwa mwongozaji na mtayarishaji, lakini soko la wakati ule halikumhakikishia kuendelea kuimiliki kazi baada ya kuiuza.

Maisha ya awali

Kanumba alizaliwa mkoani Shinyanga, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Kwa upande wa baba alikuwa Msukuma. Alisoma Shule ya Msingi Bugoyi mjini Shinyanga, kisha akaendelea na masomo katika Shule ya Sekondari Mwadui. Mwadui ni mji uliokua kutokana na mgodi wa almasi ulioanzishwa mwaka 1940 na mwanajiolojia Mkanada John Williamson. Baadaye alihamia Dar es Salaam, akasoma Dar es Salaam Christian Seminary na kumaliza elimu ya juu ya sekondari katika shule ya Jitegemee.

Alianza kuigiza katika miaka ya 1990, akiwa bado mwanafunzi. Hakupitia chuo cha sanaa kabla ya kujulikana. Kama waigizaji wengi wa rika lake, alijifunza kwa kutazama, kwa mazoezi ya kundi na kwa kufanya kazi yenyewe.

Shinyanga ya zamani na Simiyu ya leo

Kanumba alipozaliwa, Mkoa wa Shinyanga ulikuwa mkubwa kuliko ulivyo leo. Maeneo ya Bariadi, Maswa na Meatu yalikuwa sehemu yake. Mwezi Machi 2012 serikali iliunda mikoa mipya ya Simiyu, Geita, Katavi na Njombe. Simiyu, ambayo makao makuu yake yako Bariadi, ilipata maeneo hayo kutoka Shinyanga, pamoja na Busega iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Mwanza. Mwezi mmoja baadaye Kanumba alifariki. Kwa hiyo karibu maisha yake yote, mtu wa Bariadi na mtu wa Shinyanga mjini walikuwa wa mkoa mmoja.

Wenyeji wengi wa Shinyanga na Simiyu ni Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe. Eneo hili lina utamaduni mrefu wa maonyesho ya hadhara. Baada ya mavuno, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana mbele ya watu, na kila upande hutafuta mbinu za kuwavuta watazamaji upande wake. Sanaa ya kushika umati haikuanza na televisheni katika nchi ya Wasukuma.

Kaole na michezo ya televisheni

Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu mwaka 1973, lakini Bara ilibidi kungoja hadi miaka ya 1990. Kituo cha Independent Television (ITV) kilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo, wasikilizaji wengi wa Bara walikuwa wamezoea michezo ya redio kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, kama ile ya Pwagu na Pwaguzi.

Vituo vya televisheni vilipoanza vilihitaji vipindi vya Kiswahili, na makundi ya sanaa ya jijini yakapata nafasi. Kaole Sanaa Group lilikuwa miongoni mwa makundi yaliyopendwa zaidi. Jina lake linatokana na Kaole, mji wa kale wenye magofu karibu na Bagamoyo. Michezo yake ilirushwa na ITV kwa sehemu za kila wiki. Kanumba alijiunga na kundi hilo mwaka 2002, na akaonekana katika michezo kama Jahazi na Dira. Wengine waliotoka katika kundi hilo ni Vincent Kigosi (Ray), Blandina Chagula (Johari), Mahsein Awadh (Dk. Cheni) na mzee Fundi Said (Mzee Kipara).

Namna michezo hiyo ilivyotengenezwa inasaidia kueleza kwa nini waigizaji wengi wa Kaole waliweza baadaye kuwa waongozaji. Mara nyingi hapakuwa na muswada wenye kila neno. Kundi lilipewa muhtasari wa hadithi na mpangilio wa matukio, kisha waigizaji wakabuni mazungumzo wakati wa mazoezi na hata wakati wa kurekodi. Aliyetaka kudumu ilimlazimu kujua onyesho linaanzia wapi, linaelekea wapi na likatwe wapi. Huo ni ujuzi wa mtunzi na wa mwongozaji, na waliupata wakiwa bado wanaitwa waigizaji tu.

Malipo katika makundi ya sanaa ya wakati ule yalikuwa madogo. Kilichopatikana kwa wingi ni umaarufu. Mwigizaji alijulikana nchi nzima kwa jina la mhusika wake, huku kipato chake kikiwa hakilingani na sifa hiyo.

Kutoka televisheni kwenda filamu za video

Tanzania ilikuwa na historia ya filamu kabla ya Kanumba. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968, na kazi chache ndefu zilitengenezwa katika miongo iliyofuata, kama Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985. Lakini filamu za aina hiyo zilihitaji fedha nyingi na vifaa vya gharama, na mara nyingi zilitegemea ufadhili.

Kamera ndogo za video zilibadilisha hali hiyo. Sasa kundi la watu wachache waliweza kurekodi hadithi katika nyumba ya kukodi, kuihariri kwa kompyuta na kuiuza kwa kanda, na baadaye kwa diski. Nchini Nigeria njia hii ilikuwa imezaa tasnia kubwa ya Nollywood tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na filamu za Nigeria zilikuwa zikiuzwa kwa wingi Dar es Salaam. Mwaka 2003 filamu ya Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson, ilionyesha kwamba filamu ya video ya Kiswahili yenye nyota wa jijini inaweza kupata wanunuzi wengi.

Waigizaji wa Kaole walikuwa na kitu ambacho wafanyabiashara wa video walikihitaji: sura zilizokwisha kujulikana kupitia televisheni. Kanumba alikuwa mmoja wa waliohama. Miongoni mwa filamu zake za mwanzo ni Haviliki, Dangerous Desire na Johari. Mwaka 2008 alionekana pamoja na Ray na Irene Uwoya katika Oprah, mojawapo ya filamu zilizozungumzwa zaidi kipindi hicho.

Filamu hizi ziliwafikia watazamaji kwa njia ambazo hazikuhitaji jumba la sinema. Ziliuzwa madukani na kukodishwa mitaani. Zilionyeshwa katika vibanda vya video ambako watu hulipa kiingilio kidogo, na katika mabasi ya safari ndefu. Mtazamaji wa mji mdogo wa Kanda ya Ziwa aliweza kuiona filamu ileile iliyouzwa Kariakoo, ingawa si lazima siku ileile, na mara nyingine kwa nakala isiyo halali.

Ushirikiano na Nollywood

Mwaka 2006 ilitoka Dar 2 Lagos, filamu iliyowaunganisha waigizaji wa Tanzania na Nigeria. Iliongozwa na Mnigeria Femi Ogedegbe, na Kanumba aliigiza pamoja na Mercy Johnson wa Nollywood. Kazi nyingine alizofanya katika mkondo huo ni Cross My Sin na The Lost Twins. Baadaye, katika Devil Kingdom, alimleta Ramsey Nouah, mmoja wa nyota wakubwa wa Nigeria, kuigiza pamoja naye.

Ushirikiano huu ulikuwa na faida mbili. Kwanza, ulimfanya Kanumba ajulikane nje ya Afrika Mashariki. Pili, ulimpa nafasi ya kuona kwa karibu namna tasnia kubwa inavyofanya kazi: ratiba fupi za kurekodi, mgawanyo wa majukumu kwenye seti, na uzito wa mwigizaji anayefahamika katika kuuza filamu. Wapo waliomlaumu kwa kuiga mno mavazi, mapigo na mikasa ya filamu za Nigeria. Wengine walimsifu kwa kuonyesha kwamba Mtanzania anaweza kusimama sambamba na nyota wa Lagos.

Kuwa mwongozaji

Katika filamu, mwongozaji ndiye anayeamua namna hadithi itakavyoonekana: waigizaji wasimame wapi, waseme kwa sauti gani, kamera ielekee wapi, na onyesho lipi lirudiwe. Mtayarishaji anashughulikia fedha, mikataba, vifaa na ratiba. Katika Bongo Movie kazi hizi mbili mara nyingi zilifanywa na mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo alikuwa pia mwigizaji mkuu na mtunzi wa hadithi.

Kanumba alifuata njia hiyo. Baada ya miaka ya kuigiza katika kazi za wengine, alianza kutoa filamu kwa jina la Kanumba The Great Film. "The Great" ndilo jina la utani alilojulikana nalo kwa mashabiki. Jina hilo kwenye jalada la filamu lilimwambia mnunuzi jambo moja: huyu si mwigizaji aliyeajiriwa katika filamu hii, ni mwenye kazi.

Sababu za mwigizaji kutaka kuwa mwongozaji zilikuwa za kisanaa na za kiuchumi pamoja. Mwigizaji hulipwa mara moja kwa siku alizofanya kazi. Mwenye filamu huuza filamu yenyewe. Tena mwongozaji huchagua nani aingie katika hadithi. Kanumba alitumia nafasi hiyo kuwaingiza wasanii wapya. Katika filamu za Uncle JJ na This Is It watazamaji waliwajua waigizaji watoto, jambo ambalo lilikuwa nadra katika filamu za Kiswahili, ambazo nyingi zilihusu mapenzi, ndoa na usaliti wa watu wazima. Filamu hizo zilitazamwa na familia pamoja, wazazi na watoto.

Hakuwa peke yake katika hatua hiyo. Ray na Johari waliunda kampuni yao ya RJ, iliyochukua herufi za kwanza za majina yao ya sanaa. Single Mtambalike, maarufu kama Richie, naye aliendelea kutoka uigizaji hadi utayarishaji, na mwaka 2016 filamu yake Kitendawili ilipata tuzo ya filamu bora ya Kiswahili katika tuzo za Africa Magic. Kwa pamoja, hawa waliifanya njia ya kutoka televisheni hadi uongozaji kuwa jambo la kawaida kwa wasanii wa Dar es Salaam.

Soko la filamu na haki za kazi

Kuwa mwongozaji na mtayarishaji hakukumaanisha kumiliki filamu daima. Katika soko la Dar es Salaam, mtayarishaji mara nyingi alimuuzia msambazaji filamu iliyokamilika kwa malipo ya mkupuo. Msambazaji alichukua haki ya kurudufu na kuuza, akatoa nakala na kuzisambaza mikoani. Filamu ikiuza sana, faida ilikuwa yake. Ikiuza kidogo, hasara ilikuwa yake pia.

Mfumo huu ulikuwa na manufaa kwa msanii asiye na mtaji: alipata fedha mapema na kuanza filamu nyingine. Ndiyo maana filamu nyingi zilitolewa kwa muda mfupi, na nyingi ziligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe kando. Lakini kasoro yake ilikuwa kubwa. Msanii aliyeuza haki zote hakuwa na mrabaha uliobaki wa kumlipa akiugua, au wa kuilipa familia yake akifa.

Tanzania ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Sheria hiyo inampa mtunzi haki juu ya kazi yake, lakini inamruhusu pia kuihamisha haki ya kiuchumi kwa mkataba. Kwa hiyo suala halikuwa sheria peke yake, bali maneno ya mkataba na nguvu ya kila upande wakati wa kuusaini. Kifo cha Kanumba kiliwafanya watu wengi wasio wasanii waanze kuuliza swali hili: mtu ambaye filamu zake zinaendelea kuuzwa kila mtaa, warithi wake wanapata nini?

Lugha na ukosoaji

Filamu nyingi za Kanumba zilikuwa na majina ya Kiingereza, ingawa mazungumzo yake yalikuwa ya Kiswahili. Desturi hii ilienea katika Bongo Movie nzima. Watetezi wake walisema majina hayo yalizipa filamu sura ya kimataifa na kusaidia kuziuza nje. Wakosoaji, wakiwemo walimu na wapenzi wa Kiswahili, waliona ni kuidharau lugha ambayo ndiyo iliyozifanya filamu hizo zipendwe Kenya, Kongo, Burundi na kwingineko.

Mwaka 2009 Kanumba aliingia kama mgeni katika nyumba ya Big Brother Africa. Kiingereza chake katika kipindi hicho kilijadiliwa sana nchini, na wengine walimcheka hadharani. Mjadala ule ulihusu zaidi ya mtu mmoja. Uligusa hali ya Watanzania wengi waliosoma shule za msingi kwa Kiswahili, wakaingia sekondari kwa Kiingereza, kisha wakapimwa ujuzi wao kwa lugha ya pili badala ya kazi wanayoiweza. Kanumba aliendelea na kazi zake, na Devil Kingdom, filamu yake na Ramsey Nouah, ilitoka baada ya hapo.

Kifo na kesi

Kanumba alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 7 Aprili 2012, siku moja kabla ya Pasaka, nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Tarehe 10 Aprili mwili wake uliagwa katika viwanja vya Leaders Club na kuzikwa katika makaburi ya Kinondoni. Maelfu ya watu walihudhuria, na baadhi yao walizimia kutokana na msongamano na majonzi. Rais Jakaya Kikwete alifika msibani kutoa pole. Ni wasanii wachache wa Tanzania waliowahi kuagwa na umati wa namna hiyo.

Mwigizaji Elizabeth Michael, anayejulikana kama Lulu, alishtakiwa kuhusiana na kifo hicho. Shtaka la kwanza lilikuwa la mauaji, baadaye likabadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia. Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kosa hilo na kumhukumu kifungo cha miaka miwili. Mei 2018 alitoka gerezani ili amalizie adhabu yake kwa kifungo cha nje.

Athari

Baada ya mwaka 2012 biashara ya filamu za diski ilianza kupungua. Nakala zisizo halali, simu za mkononi na intaneti viliwaondoa wanunuzi madukani. Wakati huohuo vituo vya televisheni vya kulipia, kama Azam TV iliyoanza mwaka 2013, vilianza kununua filamu na tamthilia za Kiswahili. Waigizaji na waongozaji wengi wa Bongo Movie walirudi kwenye tamthilia za televisheni, mahali ambapo kizazi cha Kanumba kilianzia. Tofauti ni kwamba sasa wengi wao walirudi wakiwa watayarishaji wenye kampuni na mikataba, si washiriki wa kundi wanaosubiri posho.

Kwa vijana wa Kanda ya Ziwa, ikiwemo Shinyanga na Simiyu, mfano wa Kanumba una maana ya pekee. Katika vichekesho vingi vya Kiswahili, Msukuma huonyeshwa kama mtu wa shamba anayeshangaa jiji. Kanumba alikuwa kijana wa huko aliyelijua jiji, akawa sura inayotambulika zaidi katika filamu za Tanzania, kisha akasimama nyuma ya kamera na kuamua mwenyewe nani aonekane na kwa namna gani.

Baadhi ya filamu alizoshiriki

Haviliki
Dangerous Desire
Johari
Dar 2 Lagos (2006)
Cross My Sin
The Lost Twins
Oprah (2008)
Red Valentine
Village Pastor
Family Tears
Hero of the Church
The Shock
Uncle JJ
This Is It
Deception
Because of You
Moses
Young Billionaire
Devil Kingdom
Ndoa Yangu